Gamba Pekee Halimtambulishi Konokono

Mkoa wa Njombe hauna bahari, lakini una ufukwe. Ukiacha njia panda ya Makambako, ukapita Njombe mjini na kufika Ludewa, safari ya kuteremka milima ya Livingstone inakufikisha Lupingu au Manda, kando ya Ziwa Nyasa, ambalo kina chake kinakaribia mita 700. Kaskazini-magharibi zaidi liko Ziwa Tanganyika, lenye kina cha mita 1,470, la pili duniani baada ya Baikal. Ndani ya maziwa haya mawili wamo konokono wasiopatikana mahali pengine popote. Wale wa Tanganyika, hasa wa kwenye kina kirefu, waliwafanya wataalamu wa Ulaya wabishane kwa miongo mingi: je, hawa ni konokono wa bahari?

Ubishi ule umekwisha, ila somo lake halijazeeka. Mtaalamu anayemtambua konokono wa kina kirefu, kwa kawaida, hajapata kumwona akiishi. Anapokea gamba, mara nyingi tupu, lililoletwa na wavu au na mawimbi, na kwa gamba hilo anatakiwa aseme huyu ni nani na ndugu zake ni akina nani. Ninachotaka kusema ni kwamba kufanana kwa sura hakuthibitishi undugu, na kutofautiana kwa sura hakuukanushi. Maelezo ya spishi yanayostahili kuaminiwa ni yale yanayomchukua mnyama mzima pamoja na mahali alipotoka. Kwa sisi tunaoishi karibu na maziwa haya, jambo hili linagusa afya ya watoto wetu na mustakabali wa maji yetu.

Magamba ya Ujiji

Februari 1858 Richard Burton na John Hanning Speke walifika Ujiji. Speke aliokota magamba ufukweni, na mwaka 1859 Samuel Pickworth Woodward wa Makumbusho ya Uingereza mjini London akachapisha maelezo yake. Moja lilikuwa nene na lenye mbavu, likamkumbusha konokono wa bahari wa jenasi Nassa. Akaliita Melania nassa. Leo konokono huyo anaitwa Lavigeria nassa, na wavuvi wa Kigoma humkuta juu ya mawe ya pwani ya ziwa.

Miaka ishirini baada ya Speke, mwaka 1878, alifika Ujiji Edward Coode Hore, baharia aliyetumwa na Shirika la Wamisionari la London. Magamba aliyoyakusanya yalimfikia Edgar Albert Smith katika makumbusho yale yale, naye mwaka 1880 akaeleza aina za kushangaza zaidi. Tiphobia horei, aliyepewa jina kwa heshima ya Hore, ana gamba jembamba na jepesi lenye miiba mirefu, la umbo ambalo mtu angetarajia kuliona katika bahari ya joto. Limnotrochus alikuwa na gamba la umbo la pia ya watoto, mfano halisi wa konokono wa bahari aitwaye Trochus. Kisha mwaka 1883 Mjerumani Richard Böhm akaona konyeza wakielea katika maji ya Tanganyika. Konyeza, kwa watu wengi wa wakati huo, walikuwa wanyama wa bahari. Dhana ikaanza kupata mwili.

Aliyeijenga dhana hiyo ikawa nadharia kamili ni Mwingereza John Edmund Sharrock Moore. Alikwenda Tanganyika mwaka 1895 hadi 1896, akarudi mwaka 1899 hadi 1900, akikokota vyombo vya kukwangua sakafu ya ziwa katika kina ambacho wakusanyaji wa ufukweni hawakukifikia. Mwaka 1903 akatoa kitabu juu ya fumbo hilo. Hoja yake ilikuwa kwamba magamba ya ziwa yanafanana na visukuku vya konokono wa bahari wa kipindi cha Jurasiki vilivyopatikana Ulaya. Kwa hiyo bahari ya kale ilifika katikati ya Afrika, ikakatwa na nchi kavu, maji yake yakapoteza chumvi polepole, na wanyama wake wakabaki humo mpaka leo.

Ni haki kusema kwamba Moore hakuwa mtu wa kubahatisha. Aliwapasua konokono, akachora neva na viungo vyao, akalinganisha. Tatizo lilikuwa mahali alipoyaelekeza macho yake. Aliweka sampuli za ziwa kando ya visukuku vya mbali vya bahari, akauona mfanano, na kila kiungo alichokikuta baadaye akakisoma kwa mwanga wa mfanano huo. Ndugu wa karibu, yaani konokono wa mito na maziwa ya Afrika na Asia, hawakupata uzito uliowastahili.

Kilichokuwamo ndani ya gamba

Upinzani ulianza mapema. Mwaka 1904 hadi 1905 William Alfred Cunnington aliongoza msafara mwingine wa Tanganyika, na kazi iliyofuata haikuona haja ya kuileta bahari. Mwaka 1906 Mbelgiji Paul Pelseneer, mmoja wa wajuzi wakubwa wa miili ya konokono wa wakati wake, aliipinga nadharia ya Moore waziwazi. Miamba ya eneo lile nayo haikuonyesha masalia ya bahari ya Jurasiki. Leo tunajua pia kwamba bonde la ufa lililobeba ziwa lilianza kufunguka miaka milioni 9 hadi 12 iliyopita, ilhali Jurasiki iliisha takriban miaka milioni 145 iliyopita. Ziwa halikuwapo kumpokea mkimbizi wa bahari ile.

Lakini ushahidi unaofundisha zaidi umo kinywani mwa konokono mwenyewe. Humo kuna utepe uliopangwa vijimeno vidogo sana, wataalamu huuita radula, ambao mnyama hukwangulia chakula. Konokono wa bahari wa kundi la Nassa ana meno matatu katika kila safu ya utepe huo. Trochus ana meno mengi sana katika safu moja, yaliyosambaa kama kipepeo cha mkono. Sasa pasua Lavigeria, kisha Limnotrochus, kisha Tiphobia, uweke radula zao chini ya hadubini: wote wana meno saba kwa safu, na mpangilio wao ni wa jamaa za konokono wa maji baridi. Ukirudi kwenye gamba lenyewe kwa makini, nalo linakubali. Gamba la Trochus lina tabaka la lulu kwa ndani, lile linalong'aa ambalo kwa miaka mingi lilichongwa vifungo vya mashati. La Limnotrochus halina.

Kwa nini basi konokono wa ziwa apate sura ya baharini? Mwaka 1991 Kelly West, Andrew Cohen na Michael Baron walichapisha utafiti uliotoa jibu zuri. Ndani ya Tanganyika wamo kaa wa jenasi Platythelphusa, wenye makoleo mapana ya kuvunjia magamba. Konokono wa ziwa wana magamba mazito na imara kuliko jamaa zao wa maji baridi kwingineko, na mengi yana makovu ya mahali yalipovunjwa yakapona. Mwindaji na mwindwa wamesukumana kwa muda mrefu sana, kama inavyotokea baharini, wakafika kwenye maumbo yanayofanana na ya baharini. Tiphobia anaishi mbali zaidi, juu ya matope laini ya kina kirefu, na hulea watoto ndani ya mwili wake. Gamba lake jepesi lenye miiba huenda linamsaidia asizame kwenye matope hayo.

Vinasaba vilikuja kuufunga mjadala. Mwaka 2004 Anthony Wilson, Matthias Glaubrecht na Axel Meyer walionyesha kwamba konokono hawa wenye sura ya bahari ni wa ukoo wa maji baridi, na kwamba baadhi ya matawi yao yanaonekana kuwa na umri mkubwa kuliko ziwa lenyewe. Maana yake, mababu zao waliishi katika mito na mabwawa ya zamani kabla bonde halijajaa maji. Historia hiyo ni ya Afrika tangu mwanzo, na kwangu ni ya kuvutia kuliko ya bahari iliyosahauliwa.

Kosa la upande wa pili

Mfanano ulimpotosha Moore. Tofauti nazo zinapotosha vilevile, na Tanganyika ina mfano wake. Mfaransa Jules René Bourguignat, aliyefariki mwaka 1892, alipokea magamba mengi, yakiwamo yaliyotumwa na Mapadre Weupe waliokuwa na vituo kando ya ziwa. Kila alipoona mbavu zimezidi, mdomo umepanuka au ncha imechongoka, alitoa jina jipya. Matokeo yake ni rundo la majina ambalo wataalamu waliomfuata walilazimika kulipunguza jina moja moja. Gamba la Lavigeria hubadilika kulingana na umri na mahali anapoishi, na mtu anayeyatazama magamba juu ya meza mjini Paris hawezi kujua ipi ni tofauti ya spishi na ipi ni tofauti ya mwamba na mwamba. Hata hivyo kupunguza majina kwa pupa nako ni hatari, kwa kuwa utafiti wa baadaye umegundua kwamba chini ya baadhi ya sura zinazofanana zimo spishi kadhaa. Mwaka 2003 Kelly West, Ellinor Michel na wenzao walitoa mwongozo wa kuwatambua konokono wa Tanganyika ambao unaweka mambo mengi ya aina hiyo sawa.

Bahari ya Hindi, bahari yetu, imetoa mfano wa wazi zaidi. Mwaka 2001 watafiti walioshuka kwenye chemchemi za moto za Kairei, mashariki mwa Morisi, walimkuta konokono ambaye mguu wake umefunikwa na magamba madogo madogo yaliyopakwa madini ya chuma na salfa. Chemchemi hizo ziko zaidi ya mita 2,400 chini ya uso wa bahari. Hakuna konokono mwingine anayejulikana kuwa na vazi la namna hiyo. Baadaye kundi jingine likapatikana katika chemchemi za Solitaire, nalo lilikuwa jeupe, halina chuma kabisa. Kwa macho ya Bourguignat hao wangekuwa spishi mbili bila mjadala. Vinasaba vilisema ni spishi moja, na kwamba chuma kinategemea maji yanayotoka kwenye chemchemi husika.

Mnyama huyo alisubiri maelezo rasmi hadi mwaka 2015, miaka 14 tangu aonekane. Chong Chen, Katrin Linse, Jonathan Copley na Alex Rogers walimwita Chrysomallon squamiferum, wakaeleza gamba, radula, magamba ya mguu, viungo vya ndani na vinasaba, na wakataja sampuli inayobeba jina hilo na mahali ilipotoka. Mwaka 2019 spishi hiyo ikaingizwa kwenye Orodha Nyekundu ya viumbe walio hatarini, kwa sababu maeneo inamoishi yanatamaniwa na wachimbaji wa madini ya sakafu ya bahari. Mfululizo huo una mantiki inayopaswa kuzingatiwa: tathmini ya hatari inahitaji jina lenye mipaka, na mipaka hiyo inatokana na maelezo yaliyofanywa kwa ukamilifu.

Kazi yenyewe hufanywaje

Kanuni za kimataifa za majina ya wanyama zinahesabu majina kuanzia mwaka 1758, na zinalipa kipaumbele jina lililotangulia kutolewa ipasavyo. Kwa majina yaliyotolewa baada ya mwaka 1999, mwandishi analazimika kutaja waziwazi sampuli ya msingi, inayoitwa holotaipu pale inapokuwa moja, na mahali itakapohifadhiwa. Sampuli hiyo ndiyo hakimu wa mwisho. Ikiwa karne moja baadaye mtu atatilia shaka maelezo, ataifuata kabatini na kuipima upya.

Kwa konokono wa kina kirefu kuna tahadhari za ziada. Gamba tupu lililopatikana mita 150 chini si ushahidi kwamba mnyama aliishi hapo, kwa kuwa magamba huporomoka kwenye mteremko baada ya mwenyewe kufa. Anayetakiwa ni konokono hai, au angalau mwenye nyama na kifuniko chake cha mlango. Kipande cha nyama kiwekwe kwenye spiriti kali, maana formalini huharibu vinasaba. Lebo ibebe tarehe, kina, aina ya sakafu na mahali kamili. Watoto wakusanywe pamoja na wakubwa, kwa sababu mizunguko ya kwanza ya gamba mara nyingi huonyesha undugu ambao mizunguko ya mwisho imeuficha. Yote haya yanagharimu muda na pesa kidogo kuliko kurudi kwenye kina kile kile mara ya pili.

Kina hicho chenyewe kinapungua. Katika Tanganyika oksijeni huishia takriban mita 100 kaskazini na kufika karibu mita 240 kusini. Chini ya hapo hakuna konokono anayeweza kuishi. Ziwa linavyopata joto, maji ya juu na ya chini yanachanganyika kwa shida zaidi, na mpaka wa oksijeni unapanda. Mwaka 2016 Andrew Cohen na wenzake, wakitumia matabaka ya matope na magamba yaliyomo, walikadiria kwamba katika maeneo waliyoyachunguza asilimia 38 ya sakafu yenye oksijeni imepotea tangu mwaka 1946. Tiphobia na jamaa zake wa matopeni wanaishi ukingoni mwa mpaka huo. Makadirio yale yaliwezekana kwa sababu kulikuwa na watu waliojua kutambua gamba dogo ndani ya tope la miaka mingi.

Hesabu ya Ziwa Nyasa

Narudi Njombe kwa sababu huku jambo lina uzito wa pekee. Mwaka 1877, miaka mitatu kabla ya Tiphobia, Edgar Albert Smith yule yule alieleza konokono mdogo wa Ziwa Nyasa ambaye sasa anaitwa Bulinus nyassanus. Kwa muda mrefu iliaminiwa kwamba fukwe wazi za ziwa hilo, zenye mchanga na mawimbi, hazina hatari kubwa ya kichocho, kwa kuwa konokono aliyejulikana kukibeba, Bulinus globosus, hukaa kwenye maji yaliyotulia yenye majani. Mwaka 2001 Henry Madsen na wenzake walionyesha kwamba Bulinus nyassanus, anayeishi mchangani kwenye maji wazi, naye hubeba minyoo ya kichocho cha mkojo. Utafiti ule ulifanyika upande wa Malawi, kusini mwa ziwa.

Wataalamu waliofanya kazi huko waliona pia kwamba samaki anayekula konokono, Trematocranus placodon, alikuwa amepungua kwa kuvuliwa kupita kiasi karibu na fukwe. Wavuvi wa Lupingu wanayajua vizuri madhara ya kokoro linalokomba kila kitu hadi ufukweni. Samaki huyo anapoondoka, konokono huongezeka, na mtoto anayeogelea hulipa gharama. Katika mnyororo huu wote, kosa la kutambua konokono mmoja linabadilisha ushauri wa daktari, mpango wa kugawa dawa na kanuni ya nyavu. Afisa afya akimhesabu nyassanus kuwa konokono asiye na madhara, atautangaza ufukwe kuwa salama ilhali hakuupima.

Sampuli zilizoyabeba majina ya awali ziko mbali. Alizozieleza Woodward na Smith ziko London. Meli ya Kijerumani Valdivia, iliyoongozwa na Carl Chun na kufika Dar es Salaam Machi 1899, ilivuna konokono wa kina kirefu kwenye pwani yetu, na Eduard von Martens akawaelezea Berlin, ambako wako hadi leo. Zimetunzwa vizuri, na hilo ni jambo la kushukuru. Lakini mtaalamu wa Kyela au Kigoma anayetaka kulinganisha konokono wake na kigezo hapaswi kutegemea nauli ya ndege.

Tuna pa kuanzia. Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania, TAFIRI, ina vituo Kigoma na Kyela. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinafundisha zoolojia. Kigoma ilikuwa mwenyeji wa Mradi wa Nyanza, uliowaleta pamoja wanafunzi wa Marekani na wa Afrika Mashariki kulichunguza ziwa. Ninachopendekeza ni vitu viwili vilivyo ndani ya uwezo wetu. Cha kwanza ni kabati la sampuli za kulinganishia katika kila kituo cha ziwa: konokono waliotambuliwa kwa uhakika, wenye nyama kwenye spiriti, lebo kamili, na picha za sampuli za msingi zilizoko Ulaya. Cha pili ni mwongozo wa Kiswahili wa konokono wa Nyasa na Tanganyika, unaoanzia kwenye gamba na mahali anapoishi mnyama, unaoonyesha pale gamba linapodanganya, na unaomwambia msomaji ni sampuli gani aipeleke maabara badala ya kukisia.

Mwongozo huo ukiwa mikononi mwa maafisa afya na maafisa uvuvi wa Ludewa, ufukwe wa Manda utapimwa na watu wanaojua wanachokitafuta mchangani. Na siku mtu wa kituo cha Kyela atakapomkuta konokono asiyelingana na yeyote kabatini, atakuwa na kila anachohitaji ili amweleze mwenyewe, na holotaipu yake ihifadhiwe Tanzania.